Komoro: Kikomo cha Urais ni Ahadi kwa Anayesubiri Zamu Yake

 

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yaliyozikumba nchi nyingi za Afrika katika miaka hii ni kuondolewa kwa kikomo cha mihula ya urais. Uganda ilikiondoa mwaka 2005, kisha mwaka 2017 ikaondoa na kikomo cha umri. Rwanda ilifanya kura ya maoni mwaka 2015. Mwaka huo huo Burundi iliingia katika machafuko kwa sababu ya muhula wa tatu, na maelfu kwa maelfu ya watu wake wakakimbilia Tanzania. Kila mara hoja ni ile ile: wananchi wanampenda, kazi hajaimaliza, na katiba si Msahafu.

Katika makala hii tumechagua kuitazama nchi moja iliyo karibu nasi kwa dini, damu na lugha, nayo ni Visiwa vya Komoro. Wangazija wameishi Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam vizazi kwa vizazi, na masheikh waliotokea visiwa hivyo wamesomesha katika misikiti yetu. Tumeichagua pia kwa sababu huko kikomo cha urais hakikuazimwa katika vitabu vya wageni. Kiliwekwa baada ya damu kumwagika, ili ndugu waweze kuendelea kukaa katika nyumba moja. Kwa hiyo anayetaka kujua nchi inabadilika vipi kikomo hicho kinapoguswa, Komoro itampa jawabu lililo wazi.

FUNZO LA KWANZA: MWAKA 1989

Komoro ilijitangazia uhuru wake tarehe 6 Julai 1975, huku kisiwa cha Maore, yaani Mayotte, kikibaki chini ya Ufaransa. Haikupita hata miezi miwili Rais Ahmed Abdallah akapinduliwa. Mwaka 1978 akarudishwa madarakani kwa msaada wa mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, na watu wake. Katiba iliyofuata ilimruhusu rais mihula miwili ya miaka sita sita. Abdallah alichaguliwa mwaka 1978, akachaguliwa tena mwaka 1984.

Muda ulipokaribia kumalizika, katiba ikaletwa ifanyiwe marekebisho ili apate muhula wa tatu. Kura ya maoni ilifanyika mwanzoni mwa Novemba 1989, na matokeo yaliyotangazwa yakawa zaidi ya asilimia 90 wamekubali. Kabla mwezi huo haujamalizika, Rais Abdallah aliuawa kwa risasi ndani ya jumba lake, naye akiwa amezungukwa na walinzi waliokuwa chini ya mamluki wale wale.

Hatusemi kwamba kura ile ndiyo iliyomuua; siri ya usiku ule anaijua Allah (s.w.). Tunachosema ni kwamba asilimia 90 na zaidi ya kura haikumlinda hata kwa wiki nne. Wingi wa kura zilizotangazwa ni kitu kimoja, na imara ya utawala ni kitu kingine.

ZAMU ILIZALIWA VIPI?

Baada ya hapo nchi haikutulia. Mwaka 1995 Denard alirudi na kumuondoa Rais Said Mohamed Djohar, mpaka jeshi la Ufaransa lilipoingilia kati. Agosti 1997 kisiwa cha Nzuwani kikatangaza kujitenga, na Mwali ikafuata. Malalamiko ya Nzuwani yalikuwa ya siku nyingi: mamlaka na fedha vimelimbikizwa Moroni katika kisiwa cha Ngazija, watumishi hawalipwi mishahara yao, na bandari na mashamba ya kisiwa hayamfaidishi mwenyeji. Hasira zilifika mahali ambapo baadhi ya watu walipandisha bendera ya Ufaransa na kuomba mkoloni arudi.

Ndugu msomaji, hebu litafakari jambo hili. Waislamu ambao wazee wao walisherehekea kuondoka kwa Mfaransa, miaka 22 baadaye wanamuomba awatawale tena, kwa sababu wamekata tamaa ya kupata haki kwa ndugu zao. Jeshi lilipelekwa Nzuwani mwezi Septemba mwaka huo huo kuwarudisha kwa nguvu, likashindwa. Aprili 1999, katikati ya fitna hiyo, Kanali Azali Assoumani alichukua madaraka kwa mapinduzi.

Suluhu ilipatikana Februari 2001 katika mji wa Fomboni, kisiwani Mwali. Katika makubaliano hayo, na katiba iliyopitishwa Desemba mwaka huo, ilikubaliwa kwamba kila kisiwa kitakuwa na mamlaka yake ya ndani, na urais wa Umoja utakwenda kwa zamu: Ngazija, kisha Nzuwani, kisha Mwali. Muhula ulikuwa miaka minne, na baadaye ukafanywa mitano. Rais akimaliza, kisiwa chake kinangoja mpaka visiwa vingine vipate fungu lao. Kwa maana hiyo hapakuwa na haja ya kubishana juu ya muhula wa pili wala wa tatu, kwani zamu yenyewe ndiyo iliyokuwa kikomo.

ZAMU ILIPOFANYA KAZI

Tuseme kweli. Utaratibu huu haukuifanya Komoro kuwa pepo. Umasikini uliendelea, na vijana waliendelea kupanda vijahazi vya hatari usiku, kutoka Nzuwani kwenda Mayotte, wengi wao wakafa baharini. Mwaka 2008 kiongozi wa Nzuwani, Mohamed Bacar, alipong'ang'ania kiti cha kisiwa chake, ilibidi Umoja wa Afrika upeleke majeshi kumtoa, na askari wa Tanzania walikuwamo.

Lakini tazama kilichopatikana. Mei 2006 Azali, mtu wa Ngazija, alimkabidhi madaraka Ahmed Abdallah Mohamed Sambi wa Nzuwani. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo kwa rais kumkabidhi mwenzake aliyechaguliwa bila ya bunduki kulia. Mei 2011 Sambi naye akamkabidhi Ikililou Dhoinine wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, ambacho kwa hesabu ya wingi wa kura kisingeweza kutoa rais. Mei 2016 Ikililou akakabidhi, na Azali akarudi kupitia uchaguzi, kwa kuwa zamu ilikuwa imerejea Ngazija.

Hata Sambi alijaribiwa. Mwaka 2009 ilifanyika kura ya maoni ambayo pamoja na mengine ilirefusha muda wake. Watu wa Mwali waliona zamu yao inasogezwa mbele, wakaandamana. Mahakama ya Katiba nayo ikauwekea mpaka urefushaji huo, na uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa mwaka 2010. Hivyo palikuwa na watu wanaodai haki yao kwa amani, na palikuwa na mahakama ya kuwasikiliza.

KILICHOTOKEA MWAKA 2018

Kwa hesabu ya zamu, mwaka 2021 urais ulikuwa uende Nzuwani. Haukwenda. Ni vyema tukaangalia mpangilio wa mambo, kwani mpangilio huo unafanana katika nchi nyingi.

Kwanza mahakama. Aprili 2018 kazi za Mahakama ya Katiba, ile ile iliyomzuia Sambi, zilihamishiwa Mahakama ya Juu. Pili wapinzani. Mwezi uliofuata Sambi, mwanasiasa mwenye wafuasi wengi zaidi Nzuwani, aliwekwa katika kizuizi nyumbani kwake. Tatu kura ya maoni. Tarehe 30 Julai 2018, huku wapinzani wengi wakiisusia, ilitangazwa kwamba zaidi ya asilimia 92 wamekubali katiba mpya. Zamu ya visiwa haikufutwa kwa maneno, lakini rais aliyeko aliruhusiwa kugombea tena, miaka mitano na mitano mingine. Nne, uchaguzi wa mapema. Machi 2019 Azali aligombea na kutangazwa mshindi katika duru ya kwanza, na hesabu ya mihula ikaanza upya. Januari 2024 akagombea tena, akatangazwa mshindi mpaka mwaka 2029.

Kwa hiyo mtu wa Nzuwani aliyeambiwa asubiri mpaka 2021 akaambiwa asubiri miaka minane zaidi. Na aliyemwambia hivyo ni mtawala yule yule ambaye chini ya uongozi wake makubaliano ya Fomboni yalitiwa saini, na ambaye mwaka 2006 aliyatekeleza kwa heshima. Hili ndilo la kusikitisha zaidi.

NCHI ILIBADILIKA VIPI?

Jambo la kwanza lililobadilika ni subira ya asiye madarakani. Utawala wowote wa amani unasimama juu ya watu wawili: anayetawala na anayesubiri. Anayesubiri hukubali kushindwa leo kwa sababu anajua iko siku mlango utafunguliwa. Ukimwondolea siku hiyo, umemwondolea sababu ya kutulia. Oktoba 2018, miezi mitatu tu baada ya kura ya maoni, watu wenye silaha walijifungia katika mji mkongwe wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzuwani, wakapambana na jeshi kwa siku kadhaa. Watu walikufa. Gavana wa kisiwa akakamatwa. Kisiwa kilichokuwa kimerejea katika Umoja kwa mazungumzo kikaona tena wanajeshi na vizuizi vya barabarani.

La pili ni uchaguzi wenyewe. Kura inapokuwa haiwezi kumuondoa mtu, wengi huacha kuipiga, na wanaoihesabu hawaaminiwi tena. Baada ya uchaguzi wa Januari 2024, Tume ilitangaza kwamba waliojitokeza kumchagua rais ni takriban asilimia 16 tu. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu ikatangaza kuwa ni takriban asilimia 56. Ni uchaguzi mmoja, kwa siku moja, na hesabu mbili zilizoachana kama mbingu na ardhi. Moroni kukazuka ghasia, ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, na roho ya mtu ikapotea. Hatuna haja ya kusema nani alihesabu sawa. Inatosha kwamba raia hakuwa na pa kwenda kuuliza.

La tatu ni sheria kugeuka fimbo. Novemba 2022 Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, katika kesi ya uuzaji wa pasi za Komoro kwa watu wasio na uraia wa nchi za Ghuba. Kashfa ile ilikuwa nzito na ilistahiki kuchunguzwa kwa haki. Lakini mahakama ambayo watu hawaamini uhuru wake, hata ikimhukumu mwenye hatia kweli, nusu ya nchi itasema amehukumiwa kwa sababu ya kiti. Hasara hii humpata mtawala mwenyewe pia, kwani hana tena pa kuthibitishia ukweli wake.

La nne ni nyumba ya mtawala kuchanganyika na dola. Mwaka 2024 mtoto wa rais, Nour El Fath Azali, aliteuliwa kuwa katibu mkuu wa serikali mwenye jukumu la kuratibu kazi za mawaziri. Pengine ni kijana mwenye uwezo. Lakini mtawala anayejua siku yake ya kuondoka hutafuta wa kumkabidhi nje ya nyumba yake. Asiyejua siku hiyo huanza kumtafuta ndani. Waislamu tunao mfano wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.). Alipokuwa katika umauti aliliacha jambo la ukhalifa kwa watu sita washauriane, na mwanawe Abdullah, pamoja na elimu na uchamungu wake, akaruhusiwa kuhudhuria kwa ushauri tu bila ya kuwa na fungu katika uongozi huo.

MASUALI YANAYOULIZWA

Huenda mtu akasema: "Mbona makhalifa waongofu walitawala mpaka wakafa? Hiki kikomo si mambo ya kizungu?" Suali hili tunaulizwa mara nyingi na vijana wetu wa madrasa, nalo linastahiki jawabu.

Ni kweli kwamba sheria ya Kiislamu haikuweka idadi ya miaka ya kutawala. Lakini jambo lisilowekewa idadi na sheria linaweza kuwekewa sharti na watu, na sharti likishakubaliwa ni wajibu kulitimiza. Tunapowasomesha wanafunzi mlango wa mikataba katika fiqhi, tunaanzia hapo hapo. Qur'ani katika mwanzo wa Suratul Maida inawaamrisha walioamini kutimiza mikataba yao. Mtume (s.a.w.) naye amefundisha kwamba Waislamu wanafungwa na masharti yao, ila sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Je, kumwambia mtawala aondoke baada ya miaka mitano kunahalalisha haramu gani? Makubaliano ya Fomboni yalikuwa mkataba baina ya Waislamu, uliofungwa kuzuia damu ya Waislamu. Mwenye duka akimkodisha mwenzake kwa miaka mitano, mpangaji hawezi kujiongezea mitano mingine kwa kuwa biashara imemnogea.

Ama wanaosema makhalifa hawakuwa na kikomo, wasisahau pia kwamba Sayyidna Hasan bin Ali (r.a.) aliacha madaraka yaliyokuwa mikononi mwake ili damu ya umma isimwagike, na wanazuoni wakauita mwaka ule Mwaka wa Jamaa. Kuondoka madarakani kwa ajili ya umoja ni sunna ya watu watukufu.

Mwengine atasema: "Wananchi wenyewe walipiga kura wakakubali." Tunajibu kwamba mkataba wa Fomboni ulikuwa baina ya visiwa vitatu, na haki ya mdogo haiondolewi kwa wingi wa mkubwa. Lau kila jambo lingeamuliwa kwa idadi ya vichwa, Mwali isingekuwa na haki yoyote mpaka mwisho wa dunia. Mkataba uliwekwa makusudi ili mambo fulani yasiamuliwe kwa wingi.

Wa tatu atasema: "Kiongozi mwema aachwe amalize kazi." Hoja hii ina uzito kidogo, kwani ni kweli miaka mitano ni michache, na inawezekana mtu akaondoka na barabara yake au hospitali yake haijakwisha. Lakini kazi ya nchi haina siku ya kumalizika, na kila mtawala atakuwa na jambo la kumalizia. Aliye mwema humaliza kwa kuacha watu wanaoweza kuendeleza. Kisha tukumbuke kwamba mlango aliopasuliwa mwema haufungwi nyuma yake. Dhalimu atakayekuja kesho ataukuta wazi. Sheria ikishakuwa ya kumpima mtu, hubaki lile neno la wazee wetu: mwenye nguvu mpishe.

YANATUHUSU NINI SISI?

Yanatuhusu sana. Tanzania Bara na Visiwani tumeshuhudia marais wakimaliza mihula yao na kuondoka. Alhaj Ali Hassan Mwinyi aliondoka mwaka 1995 na akaishi karibu miaka thelathini akiwa raia anayeheshimiwa, anayeswali na watu na kuzika na watu. Zanzibar kuelekea mwaka 2000 iliibuka rai ya kumuongezea Dkt. Salmin Amour muhula wa tatu, nayo haikufaulu. Na kila baada ya miaka kadhaa husikika sauti, mara bungeni, mara katika mkutano wa hadhara, ikimuomba rais aliyeko abaki. Sauti hizo huanza kama mzaha na kama mapenzi. Komoro nayo haikuanza kwa bunduki; ilianza kwa mikutano na nyimbo za sifa.

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu na makhatibu wetu mambo matatu. Kwanza, mimbari isitumike kumuombea mtawala yeyote muda usiokuwa wake. Kumuombea uongofu na uadilifu ni jambo jema; kuwaambia waumini kwamba bila ya fulani nchi itazama ni kusema uongo mbele ya Mungu. Pili, waumini wasomeshwe kwamba katiba waliyoikubali ni ahadi, na ahadi ni deni, hata pale chama au mtu wanayempenda ndiye anayetaka kuivunja. Mwenye kupinga muhula wa ziada kwa asiyempenda na kuukubali kwa anayempenda, huyo hakupinga dhulma, amechagua upande tu. Tatu, tuanzie nyumbani. Misikiti mingapi ina kamati ambazo hazijafanya uchaguzi kwa miaka kumi na tano? Madrasa na jumuiya ngapi zina mwenyekiti wa maisha, na hesabu za fedha zake hazisomwi? Hatuwezi kumkemea rais kwa jambo tunalolifanya kwa funguo za msikiti.

Ama ndugu zetu wa Komoro, mwaka 2029 uko mbele yao. Kwa katiba hiyo hiyo ya 2018, urais unapaswa kuondoka Ngazija kwenda kisiwa kingine. Siku hiyo itajulikana kama zamu bado ipo au imebaki maandishi. Azali aliwahi kukabidhi mara moja, mwaka 2006, na nchi haikuporomoka. Anaweza kukabidhi tena. Akifanya hivyo, atakuwa amefunga sehemu ya jeraha alilolifungua. Asipofanya, au akilitafutia jambo hilo tafsiri nyingine na kura nyingine ya maoni, itakuwa vigumu kumwambia kijana wa Mutsamudu neno "subiri" kwa mara ya tatu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape watawala wetu moyo wa kutimiza ahadi na kuona madaraka kuwa ni amana watakayoulizwa, awape raia subira na ujasiri wa kusema kweli, na awaunganishe ndugu zetu wa Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore katika kheri. Amin.